Deni la Dawa

Mama hakulijua jina la dawa ile.
Aliiita Nyekundu, basi,
kama unavyomwita jirani usiyetaka kumzoea.
Kila chupa ilipokauka kwenye ule mti wa chuma
alitoa daftari la madeni la kibanda chetu cha Awasi
akachora kijiti kimoja
chini ya *Nyar Alego, sukari nusu kilo.*

Nilikuwa na miaka saba. Taya limevimba,
meno yanacheza kama punje kwenye gunzi bovu.
Baada ya Nyekundu nilikojoa nyekundu,
mama akatoka mbio na kopo mkononi kumtafuta muuguzi.
Ni rangi tu, aliambiwa.
Akarudi. Akachora kijiti.

Nikapona.
Tulichinja jogoo, pasta akaomba mpaka mchuzi ukapoa,
na kile kikuku cha plastiki chenye jina langu
mama akakifukia nyuma ya choo.
Hakuna aliyetuambia kuwa Nyekundu ni mgeni
anayeshukuru, anayeaga, anayesindikizwa hadi barabarani,
kisha hurudi miaka baadaye, kimya,
kumchungulia moyo aliyempokea.

Odera wa kitanda cha nane alipona pia.
Ndiye aliyenifundisha kuficha uji ndani ya soksi.
Alipofika miaka kumi na tisa, Chemelil, akipakia miwa,
alikaa chini kidogo. Alisema apumzike.
Matangani walinong'ona karogwa,
wakamtaja mpaka na binamu aliyeitaka kazi yake.
Mimi nilishika sahani kwa mkono mmoja,
kidole cha mkono wa pili kikihesabu mapigo chini ya meza.

Ndiyo maana niko Kisumu leo, hapa Rasha,
siumwi popote,
nimelala ubavu wa kushoto
na mafuta kifuani baridi kama tumbo la chura.
Faili yangu ililiwa na panya au ilikwenda na mafuriko;
karani anaapa kwa vyote viwili.
"Ulipewa kiasi gani?" anauliza Bwana Wekhomo.
Nampa daftari.
Anapita mafuta ya taa, anapita viberiti na maziwa,
anafika kwenye vijiti.
Anavihesabu mara mbili, midomo ikicheza.
Kumi na kimoja.
"Mama yako alisomea ukarani?"
"Aliacha darasa la tatu. Hapendi kudhulumiwa."

Kwenye kioo, moyo wangu.
Nilitarajia kitu cha kujivunia.
Ni mdomo wa ngege aliyetupwa ukingoni,
unafunga, unafungua, unafunga,
na ukuta mmoja umechelewa kidogo,
kama mwimbaji wa kwaya aliyesahau ubeti
akiwafuata wenzake kwa macho.

Daktari Kemunto anasoma: hamsini kwa mia.
Tungependa sitini.
"Ukipanda ngazi unachoka?"
"Hapana."
"Miguu inavimba?"
"Hapana."
"Vizuri. Basi tumemuwahi."
Nusu kidonge asubuhi, nusu jioni,
picha nyingine baada ya miezi sita.
"Na siku ukibeba mimba, mumeo asijue kabla yangu."
Nacheka. Kisha naona yeye hakucheka.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa.
Deni la dawa hawakuligusa.
Labda nalo hulipwa hivi, nusu nusu,
kabla mdai hajabisha hodi.

Nampigia mama nikiwa kwenye ngazi.
Namweleza yote: ukuta, hamsini, vidonge, bei.
Ananyamaza hata nadhani salio limeisha.
"Vijiti vilimsaidia daktari?"
"Sana, mama."
Ananyamaza tena. Nasikia sufuria, nasikia kuku.
"Na hapo juu yake, Nyar Alego,
ile sukari imekatwa mstari?"
Nafungua daftari.
"Bado."
"Nilijua," anasema mama, na sauti inamkatika.
"Nilijua tu. Lilinde hilo daftari."